Je, Tudor ni Mto?

SWALI: Bwana Mhariri, tangu utotoni nimesikia watu wakiyaita maji ya Tudor, hapa Mombasa, "mto". Je, ni mto kweli? Na ikiwa mito tunayo, mbona maji ya mfereji huletwa kutoka mbali? (Msomaji, Changamwe)

JIBU: Tudor ni hori, yaani mkono wa bahari ulioingia bara, ndiyo maana maji yake ni ya chumvi na hupanda na kushuka pamoja na bahari. Waliouita mto hawakukosea sana, kwani mito Kombeni na Tsalu humwagika humo, ilhali Mwache huishia upande wa magharibi, katika hori la Port Reitz. Mito hiyo hutegemea mvua: masika huteremsha udongo hadi kwenye mikoko, na kiangazi hupungua mno.

Maji ya mfereji ni habari nyingine. Sehemu kubwa hutoka visima vya Baricho, kando ya mto Sabaki, na chemchemi za Mzima huko Tsavo Magharibi, ambazo hulishwa na mvua inayozama katika miamba ya volkano ya vilima vya Chyulu na kuunganishwa nasi kwa bomba la kilomita 220 hivi. Ajabu ni kwamba ziada ya Mzima huingia mto Tsavo, nao Tsavo hukutana na Athi na kuwa Galana, ambao ndio Sabaki wenyewe. Kwa hivyo vyanzo hivyo viwili ni vya bonde moja.