Kabla hujaandika "haijulikani"

Simu ya kwanza itakuja usiku, na mpigaji ataanza kwa kujitetea. "Samahani mkubwa, mimi si mlevi." Ukisikia hivyo chukua kalamu, maana mtu anayejitetea kabla hajasema, mara nyingi kuna kitu amekiona kweli. Ni kitu gani, hilo ni jambo lingine, nalo litakuangukia wewe ingawa kwenye mkataba wako halimo.

Niliongoza ndege miaka mingi, sehemu kubwa katika viwanja vya kando ya Ziwa Victoria. Taarifa za mataa na vitu vya ajabu angani ziliishia kwetu kwa sababu polisi wakiulizwa habari za anga hupiga simu mnarani. Hatukuwa na kitengo. Tulikuwa na droo. Mwaka hadi mwaka droo ile ikawa yangu, na haya ninayowaandikia ninyi mnaoanza zamu yametoka humo, pamoja na niliyoyaokota kwenye mafaili ya wenzetu wa nje waliofanya kazi hii wakiwa na ofisi, magari na bajeti.

Anzeni na saa. Faili la kwanza nililolifunga kwa neno HAIJULIKANI lilikuwa la mlinzi wa ghala la samaki. Aliona taa moja nyeupe, kali, imetulia juu ya maji. Ikakua polepole bila sauti, halafu ikazimika ghafla kama kibatari kilichopulizwa. Nilikwenda mwenyewe, nikamsikiliza mwenyewe, nikaandika kwenye kikaratasi: 1:45 usiku. Siku mbili baadaye ndipo nikakaa kujaza fomu. Fomu zetu, kama mlivyokwisha kuziona, zinataka saa 24, tena kwa saa za dunia, zile tunazoziita Zulu, ambazo ziko nyuma yetu kwa saa tatu. Nikakitazama kikaratasi, nikasoma 01:45, nikatoa tatu, nikapata 22:45 ya tarehe iliyotangulia. Nikapekua kumbukumbu za ndege: hakuna. Hali ya hewa: anga safi. Nyota yoyote kubwa upande ule: hakuna. Nikagonga mhuri.

Mlinzi alikuwa amesema saa moja na dakika arobaini na tano usiku, kama Mswahili yeyote anavyosema. Yaani 19:45. Muda huo ndege ya abiria kutoka Dar es Salaam ilikuwa inashuka kuelekea kwetu, taa za kutua zikiwa zimewashwa. Ndege inayokuja usoni kwako gizani huioni ikisogea. Unaona taa inakua tu, na ikikata kona taa inapotea. Upepo wa jioni ile ulikuwa unaupeleka mlio upande mwingine. Nilikuja kuligundua kosa miezi mitatu baadaye, nikitafuta kitu kingine kabisa droo ile ile.

Tangu siku hiyo saa naiandika kwa maneno, kama ilivyotoka mdomoni mwa shahidi, na pembeni yake ndipo naweka tarakimu. Halafu naifunga kwenye tukio. Taarifa ya habari ilikuwa imeanza? Adhana ya Isha ilikuwa imeshaadhiniwa? Watoto walikuwa wamekula? Mtu anaweza kukosea saa kwa dakika arobaini bila kujua, lakini hakosei kama aliiona taa kabla au baada ya ugali.

Wafaransa wana ofisi ya kazi hii tangu 1977, ndani ya shirika lao la anga za juu, CNES, mjini Toulouse. Imebadilishwa jina mara kadhaa. Siku hizi inaitwa GEIPAN. Nilichowapendea ni mafungu yao manne. A ni kilichotambulika bila shaka. B ni kilichotambulika kwa kiasi kikubwa. C ni taarifa zisizotosha kuamua lolote. D ni taarifa zinazotosha, zimechunguzwa mpaka mwisho, na bado hakijatambulika. Kati ya C na D kuna bonde kubwa, na wachunguzi wengi hutumbukia humo kwa sababu ofisi inawapa neno moja tu la kufungia faili. Nilipoipanga upya droo yangu kwa mafungu hayo, niliona aibu. Ilikuwa imejaa C zilizovaa kanzu za D.

Hata Jeshi la Anga la Marekani, lililoendesha mradi wa Blue Book kutoka kambi ya Wright-Patterson huko Ohio kuanzia 1952 hadi 1969, lilikusanya taarifa 12,618 za namna hii, ukihesabu na za miradi iliyoitangulia tangu 1947, na kubakiwa na 701 zisizotambulika. Watu hupenda kuitaja ile 701 kana kwamba ni kitu kimoja. Mimi nikiisikia najiuliza ngapi humo zilikosa saa tu.

Baada ya saa, kimo na upande. Usiulize "kilikuwa kikubwa kiasi gani?" Utajibiwa "kama sahani", nawe utaandika "kama sahani", na hapo hakuna atakayejua ni sahani iliyoshikwa mkononi au iliyo ng'ambo ya barabara. Usiku, kitu usichokijua umbali wake hukijui ukubwa wake. Mpeleke shahidi pale pale aliposimama, ikiwezekana saa ile ile. Mwambie anyooshe mkono mpaka mwisho, akunje ngumi, ahesabu ni ngumi ngapi kutoka usawa wa maji hadi kwenye kile kitu. Ngumi moja ni kama nyuzi kumi. Kidole cha mwisho ni kama nyuzi moja, na hicho peke yake kinaufunika mwezi mpevu na nafasi ikabaki. Watu hawaamini mpaka wajaribu. Nenda na dira, andika upande, mwache achore. Kama mashahidi ni wanne, wachore wanne mbalimbali, kabla hawajanywa chai pamoja.

Kama mlipuko ulisikika, uliza walihesabu nini kati ya mwanga na sauti. Sauti hutembea kilometa moja kwa takriban sekunde tatu, kwa hiyo kimondo kikubwa kinaweza kuwaka kimya kabisa na kishindo kikafuata baada ya dakika nzima, watu wakidhani ni matukio mawili.

Lugha ya shahidi iheshimuni. Bibi mmoja aliniambia ameona ungo mwekundu umelala juu ya ziwa. Nilishaanza kukunja daftari, kisha nikaona haya, nikamwamkia upya na kumuuliza: "Bibi, ungo wa kupepetea, au ungo wa wale watu?" Akacheka hadi akashika kiuno. "Mwanangu, wa wale watu nitauonaje? Nasema umbo." Alikuwa ananipa umbo, na kwa usahihi kuliko afisa yeyote. Tarehe yake, saa yake na upande wake viliangukia kwenye mwezi unaochomoza, tena msimu wa kuchoma mashamba, moshi umeufanya mwekundu na ukaribu wa upeo umeubonyeza. Ungo hasa.

Ziwani mtakutana na kisa kingine tena na tena: mji wa taa unaoelea angani. Hao ni wavuvi wa dagaa. Wanatoka usiku wa giza, mwezi haupo, na ukungu ukiufuta upeo kati ya maji na mbingu, taa zao zinaning'inia hewani. Mstari wa taa ndogo zinazofuatana kwa nidhamu muda mfupi baada ya machweo ni satelaiti za Starlink zilizorushwa karibuni. Haya yapiteni haraka.

Nyota ya jioni, Zuhura, msiipite haraka. Si kwa sababu inadanganya watu, hilo inalifanya sana, ila kwa sababu inawadanganya wachunguzi wavivu pia. Januari 7, 1948, rubani Thomas Mantell alipanda na ndege ya Mustang kukifuata kitu kilichoonekana kutoka uwanja wa Godman, Kentucky, Marekani. Hakuwa na oksijeni, akapanda juu mno, akaanguka na kufa. Jeshi lilisema alikuwa anaifukuza Zuhura. Ulikuwa mchana. Baadaye ikaonekana inaelekea zaidi kuwa puto kubwa la utafiti, la aina ya Skyhook, ambalo wakati huo lilikuwa siri, kwa hiyo walioulizwa hawakujua kuwa lipo. Ukiiandika Zuhura, weka na kimo chake na upande wake kwa dakika ile. Programu ya bure ya Stellarium itakupa vyote. Kisha linganisha na ngumi za shahidi.

Faili ninalowapa wanafunzi wangu wote walisome ni la Socorro, mji mdogo wa New Mexico. Aprili 24, 1964, jioni, polisi Lonnie Zamora alikuwa anafukuza gari la mwendokasi aliposikia ngurumo na kuona moto upande wa kusini magharibi. Akadhani kibanda cha baruti kimelipuka, akaliacha gari alilokuwa analifukuza, akageukia huko. Bondeni akaona kitu cheupe. Alidhani ni gari lililopinduka. Karibu yake aliona watu wawili wamevaa mavazi meupe. Aliposogea, ngurumo ikaanza tena, moto ukatoka chini ya kile kitu chenye umbo la yai, naye akakimbia, akajigonga kwenye gari lake na miwani ikaanguka. Kitu kikapaa, kikaondoka.

Angalieni kilichofanyika baada ya hapo. Dakika chache tu, Sajini Sam Chavez wa polisi wa jimbo alifika na kukuta vichaka bado vinafuka moshi na alama nne ardhini. Usiku ule ule afisa wa jeshi na mtu wa FBI walikuwa pale wakipima. Siku chache baadaye akaja mwanaastronomia J. Allen Hynek, mshauri wa Blue Book, akarudi na shahidi eneo lenyewe. Na maelezo ya Zamora yameachwa na makosa yake yote: kibanda cha baruti kimo, gari lililopinduka limo, miwani iliyoanguka imo. Mchunguzi wa kwetu angeyafuta ili maelezo "yanyooke". Hayo ndiyo yanayokuonyesha macho yake yalifika wapi na fikra zake zilianzia wapi. Mkuu wa mradi, Hector Quintanilla, hakuamini habari za viumbe wa nje hata kidogo, na alitafuta jibu kwa bidii. Hakulipata, akaliacha faili kwenye kundi la visivyotambulika. Hiyo, kwa lugha ya Toulouse, ni D iliyotolewa jasho.

Hynek huyo huyo ndiye atakayewafundisha kufunga mdomo. Machi 1966 watu wengi huko Michigan waliona mataa juu ya maeneo ya kinamasi, Dexter na Hillsdale. Alifika, akabanwa na waandishi wa habari, na ndani ya siku chache akasimama Detroit na kusema baadhi ya mataa yale huenda yalikuwa gesi ya kinamasi. Alisema baadhi, alisema huenda. Magazeti yakabeba gesi peke yake, wananchi wakajiona wameitwa wajinga, na mbunge wa jimbo lao Gerald Ford, yule aliyekuja kuwa rais, akataka Bunge lisikilize suala lile. Huenda Hynek alikuwa sahihi. Lakini hakuna aliyemsikiliza tena. Mwandishi akikupigia siku ya pili, mwambie umepokea taarifa na unaichunguza, basi. Yeye ana gazeti la kesho, wewe una faili.

Hapa jirani tuna mfano mzuri zaidi. Desemba 30, 2024, alasiri, pete ya chuma ya kipenyo cha meta 2.5 na uzito wa karibu kilo 500 ilianguka kijiji cha Mukuku, kaunti ya Makueni, Kenya. Shirika la Anga za Juu la Kenya lilifika pamoja na vyombo vingine, likalizungushia eneo ulinzi, likaichukua pete, na mapema Januari likatoa tamko fupi: tathmini ya awali inaonyesha ni pete ya kutenganisha sehemu za roketi. Halikutaja roketi ya nani. Habari zilipoenea kwamba ni ya nchi fulani na fidia imeshadaiwa, likakanusha. Wengine waliona ni woga. Mimi niliona watu wanaoijua kazi, kwa sababu chini ya mkataba wa kimataifa wa 1972 nchi iliyorusha chombo huwajibika kwa madhara yake ardhini, na ukitaja jina kabla ya ushahidi unaiharibu kesi ya wanakijiji wenyewe. Kikidondoka kwenu, wazuieni watu wasikiguse, maana baadhi ya mabaki hubeba mafuta yenye sumu, pigeni picha kabla hakijasogezwa, na kila anayekishika aweke saini na saa. Saa kwa maneno.

Mwisho, faili likipata jibu, mrudieni shahidi. Mimi nilimrudia yule mlinzi, nimechelewa miezi mitatu. Nikamweleza ndege, taa, kona, upepo. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akasema kila jioni tangu siku ile anakaa pale pale na haijarudi hata mara moja. Ndege gani hiyo ya kupita siku moja? Sikuwa na jibu. Nikarudi ofisini kuangalia, nikakuta kampuni ilihamishia safari ile asubuhi wiki iliyofuata. Kesho yake nikampelekea ratiba zote mbili, ya zamani na mpya. Akaziweka magotini, akazilinganisha mstari kwa mstari kwa kidole, kisha akaniuliza nauli ya Dar siku hizi ni shilingi ngapi.