Fumbo la sataranji hutungwa baada ya zamu

Wewe unayeanza kutunga mafumbo ya sataranji huku kazi ikikurudisha nyumbani hoi, usidhani fani hii ni ya wenye nafasi. Wafanyakazi wa Ujerumani walikuwa na shirikisho lao la sataranji, Deutscher Arbeiter-Schachbund, lililoundwa Nürnberg mwaka 1912. Wakati huo siku ya kazi ya saa 8 ilikuwa bado, ilipatikana 1918. Fumbo humfaa mtu wa namna hiyo: halitaki mpinzani wala ukumbi, ubao na penseli vinatosha. Mwaka 1933 Wanazi wakalivunja shirikisho lile, na kila nikifungua ubao usiku hilo huniuma.

Mimi pia ni mtu wa zamu. Ninachokuomba kwanza: usianze kwa kupanga kete, anza na wazo. Chukua fumbo la Kihindi, alilotunga Mwingereza Loveday akiwa India na kuchapishwa 1845. Ngome au askofu mweupe anavuka mraba fulani. Kete nyingine nyeupe inakuja kusimama pale pale, inaziba njia, na mfalme mweusi aliyekuwa anakaribia kukosa pa kwenda bila kushambuliwa, jambo ambalo lingeleta sare, anapata pumzi. Anasogea. Kete iliyoziba inaondoka, njia inafunguka, mfalme kanaswa. Wajerumani wawili, Johannes Kohtz na Carl Kockelkorn, waliliandikia kitabu mwaka 1903, na hapo ikaota shule nzima ya utunzi inayodai kila hatua iwe na kusudi moja, safi. Wazo kama hilo unaweza kulibeba kichwani kutwa nzima ukiwa kazini.

Kisha ogopa jawabu la pili. Fumbo langu la kwanza, la hatua mbili, yaani mweupe aanze na kumnasa mfalme mweusi kwa hatua yake ya pili, nilimwonyesha mwenzangu wakati wa chakula cha mchana. Alilifumbua kabla chai haijapoa, kwa njia ambayo sikuwahi kuiona. Tangu siku ile naandika kila hatua ya kwanza ya mweupe, na mbele yake jibu la mweusi linaloivunja. Isiyovunjika ibaki moja tu.

Nilitaka kuliponya kwa kuongeza askari, fumbo likawa zito. Usiku wa tatu nikasogeza kete zote safu moja kulia. Ngome ikakosa mraba wa pembeni iliokuwa ikiukimbilia, na jawabu la pili likafa bila kuongeza hata kete moja.