"Utajiri huru" ni huru na nani?

"Shikamoo mwalimu. Mimi hutafsiri habari za biashara kwenye redio moja hapa Mombasa. Juzi nilisoma hewani 'mfuko wa utajiri huru wa Norwe', msikilizaji akapiga simu kuniuliza huo utajiri umeachwa huru na nani. Nilikosa jibu. Mwenzangu yeye huandika 'hazina ya utajiri wa taifa'. Nifuate lipi?" Msomaji, Kisauni.

Marahaba mwanangu. Msikilizaji wako ana masikio mazuri. "Huru" huambiwa asiye chini ya mwengine: mtu huru, nchi huru. Ukilitia baada ya "utajiri", linaushika utajiri. Lakini katika jina la Kiingereza ulilotafsiri, "sovereign wealth fund", neno "sovereign" linamtaja mwenye mali, yaani dola, nchi inayojitawala. Mali yenyewe haina uhuru wowote: ina mwenyewe, ina sheria yake, na ina wasimamizi.

"Hazina" ya mwenzako ni neno zuri, na Wakenya tumelizoea tangu Hazina ya Ustawi wa Maeneobunge. Hapa lakini linatupoteza. Hazina ya Taifa kwetu ndiyo inayoshika bajeti, na mfuko huu umetengwa na bajeti kwa makusudi. Tazama hao Norwe. Tangu 1996 pesa za mafuta huingia mfukoni, zikanunua hisa, hatifungani (hati za kukopesha serikali na kampuni) na majumba nje ya nchi. Leo mfuko huo una karibu asilimia 1.5 ya hisa zote za kampuni zilizo kwenye masoko ya hisa duniani. Serikali ina kanuni ya kuchota, mwaka hadi mwaka, kiasi cha faida inayotarajiwa tu, kama asilimia 3 ya thamani ya mfuko, na mtaji ukabaki. Mtu wa Mji wa Kale hahitaji kuelezwa zaidi, kwani anaijua nyumba ya wakfu: kodi yake hutengeneza msikiti, nyumba haiuzwi. Hata hivyo usiuite wakfu. Wakfu ukishatolewa haurudi, ilhali mfuko huu dola ikibanwa huufungua. Kuwait ilipovamiwa mwaka 1990, akiba yake iliyokuwa ng'ambo ndiyo iliyoikimu serikali ilipokuwa uhamishoni.

Basi "mfuko". Najua kuna atakayesema mfuko ni wa kanzu, na pesa nyingi hivyo zataka chombo kikubwa zaidi. Bibi yangu pesa za samaki na nazi alizifunga kwenye pindo la leso, na kodi ya nyumba ya urithi aliitia kwenye sanduku la njumu chini ya kitanda, na ufunguo akauvaa shingoni. Vyombo viwili, kazi mbili, na mfuko huu tunaousema uko upande wa sanduku. Waarabu wenyewe huuita kwa neno lile lile lililotupa "sanduku". Ila sisi sanduku tumeshalipa kazi nyingi: la kura, la barua, la maiti. "Mfuko" umeshazoeleka kwenye mambo ya fedha, na jirani zetu Watanzania wana Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii. Tushike njia hiyo: mfuko wa utajiri wa taifa.

Kuna mtego hapa ambao wengi hawauoni. Katika umoja, "wa" zote mbili zafanana, kwa hivyo sikio halijui la pili lashikana na nini. Wingi ndio unaofichua. Sema "mifuko ya utajiri wa taifa", si "mifuko ya utajiri ya taifa". Cha taifa ni utajiri. Mfuko waweza kushikwa na mwengine, kama wa Norwe unavyoendeshwa na benki kuu yake. Na kitenzi kifuate ngeli: mifuko imenunua, kamwe si "mifuko wamenunua", hata kama nyuma yake kuna wafalme na mawaziri.

Nakuomba pia usiseme "mfuko wa serikali" kwa haraka. Mfuko wa Saudia, ulioanzishwa 1971, ulichukua asilimia 80 ya klabu ya Newcastle United mwaka 2021, na ligi ilikubali baada ya kupewa hakikisho la kisheria kwamba Ufalme wa Saudia hautaitawala klabu. Kuna waliokataa kuamini, na barazani kwetu ubishi huo haujesha. Lakini wewe msomaji wa habari ukitamka "serikali imenunua klabu" umeshatoa hukumu.

Na zile "wa" zikisongamana, tumia ngeli ikusaidie. Sentensi yako ya juzi ningeisoma hivi: "Mfuko wa utajiri wa taifa la Norwe umeongeza hisa zake." Hiyo "la" inampa msikilizaji nafasi ya kupumua, na anajua mali ni ya nani.