Yunite zinaisha mbio, umeme unaendaka wapi?

Swali: Jambo fundi. Niko Ndosho, Goma, tuko watu 6 kwa nyumba. Konteri yetu ni ya kununua yunite. Mbele yunite 60 zilikuwa zinafikisha mwezi, tangu miezi 3 hivi zinaisha kwa siku 17 ao 18. Tuko na firigo, tele na dekoda, ampule 3 za zamani, pasi, na ka-resho ka umeme, lakini hako tunatumiaka kidogo tu, kupika maharage mara 2 kwa juma. Sasa kuko kijana ananiuzia kamashini ka kuchomeka kwa prizi, anasema kanapunguza umeme nusu. Ninunue?

Jibu: Mama, hapana, hizo franka ubaki nazo. Nilisha fungula hizo mashini mbili, ndani munakuwaka kondansateri moja kadogo (ka-kifaa ka kuweka umeme kidogo na kuurudisha) na ka-taa ka kijani, basi. Kondansateri iko na kazi yake kwa mausine yenye mamotere makubwa, lakini konteri ya nyumba inahesabu kilowati-saa (njo zile yunite), na hizo kondansateri haizipunguzi ata moja. Ile ka-taa yenyewe njo inakula.

Tuanze na konteri. Iangalie muzuri, kuko taa nyekundu yenye kuwaka-kuzima, na pembeni wameandika namba, mara mingi 1000 imp/kWh, maana yake ikiwaka mara 1000 yunite moja imeenda (kama kwako wameandika 1600 basi ni mara 1600). Chukua telefone, weka dakika moja, hesabu. Firigo peke yake ikiwa inanguruma utaona kama mara 2. Kisha washa resho uhesabu tena: utafika karibu 25, ni wati 1500 izo. Mutu akisha kuona ile taa inavyokimbia na macho yake sina tena maneno ya kumuambia.

Juu ile « kidogo tu » yako, mama, njo iko shida. Maharage makavu kwa resho ni masaa 3, wati 1500 mara masaa 3 ni yunite 4 na nusu, mara 2 kwa juma ni 9, kwa mwezi unapita 36. Ampule, tele ao pasi, hakuna moja yenye kufika pale peke yake. Kitu chochote chenye kuleta moto, resho, pasi, ya kuchemshia maji, ndani yake kuko rezistansi, ile waya yenye umeme unageuza moto, na rezistansi haina huruma.

Na sisi wa Goma tuko na shida ingine, tuko juu, karibu metre 1500, huku maji inatokota kwa digri kama 95, haifikake 100, kwa hiyo maharage yanachelewa kuiva kuliko kwa mutu wa kule chini, ata uongeze moto namna gani, unapoteza tu mvuke. Dawa ni kokote, sufuria ya presha, juu ndani yake maji inapita digri 100. Loweka maharage usiku, mwaga ile maji, asubui weka kwa kokote, ikianza kupiga filimbi punguza moto, dakika 30 ao 40 yameiva. Ukipata ile kokote ya umeme yenyewe, inakuwa muzuri zaidi, inajikata ikisha pata moto, yunite moja haiishi. Ni bei, ndiyo, lakini pigia hesabu zile 36. Kama haujapata franka, pika maharage kwa mbabula, ya udongo ndani, nje ama fasi yenye hewa, na resho ubakishe ya chai. Na funika sufuria! Watu wanachemsha maji wazi kama vile wanafukiza mutu.

Firigo. Chukua karatasi, funga mulango juu yake, vuta. Ikitoka bila kukaza, mpira wa mulango umechoka, na motere itakuwa inanguruma usiku muzima. Barafu ikipita unene wa kidole ndani, zima uyeyushe (usitumie kisu, niliona firigo mingi imetobolewa hivo). Ipe nafasi nyuma, isikae karibu ya mbabula. Ile buto ya ndani ya kupanga baridi, 2 ao 3 inatosha, Goma yetu si Kinshasa. Umeme ukikatika na kurudi, chomoa kwanza, ngoja dakika 5.

Ampule 3 za wati 60 badilisha na LED za wati 9, kwa masaa 5 ya jioni unatoka yunite 0.9 unafika karibu 0.14 kwa siku. Kama nyumba ni ya mbao na giza muchana, bati moja ya plastiki yenye kupitisha mwangaza inafanya kazi bila yunite. Pasi, piga nguo zote siku moja. Dekoda uichomoe ukilala.

Kisha fanya hii moja usiku: teremusha dijonteri kubwa ya nyumba, kila kitu kizimike, nenda uangalie ile taa ya konteri. Isiwe inawaka-kuzima. Mwaka juzi niliitwa kwa nyumba moja kule Majengo, tulikata yote, taa inaendelea kuwaka mara 6 kwa dakika, tukafata waya nyuma ya mbao, inapita chini ya mawe ya volkano mpaka kwa jirani, saluni ya kunyoa. Jirani mwenyewe alishangaa, anasema mwenye nyumba alimuambia umeme uko ndani ya kodi. Kwako ikiendelea kuwaka-kuzima, usiguse waya wala kufungula konteri, ita watu wa kampuni waje, na wakikuja simama nao pale mpaka waone ile waya.