Snom wa leveli 47 hajabadilika: kabla hujamwachia, soma hapa

Mkuu, umesema Snom wako, yule Pokémon mdogo wa barafu kwenye gemu ya Pokémon Shield ya Nintendo Switch, amefika leveli 47 na bado ni kiwavi, ukauliza kama gemu ina hitilafu au umwachie tu aende zake. Nakuomba usimwachie. Hana kasoro yoyote, na nakujibu kwa sababu yalinikuta hayo hayo.

Snom hajali leveli. Anageuka nondo, yaani Frosmoth, akiwa amekuzoea sana na akapanda leveli usiku. Vyote viwili kwa pamoja. Kimoja kikikosekana, utampandisha hadi uchoke.

Mimi usiku ndio ulinikwamisha. Kipindi kile nilikuwa naingia zamu ya usiku, kwa hiyo gemu nacheza saa nane mchana, pazia nimeshusha, feni inanipulizia. Chumbani giza, lakini saa ya Switch inasema mchana, na Snom anafuata saa. Isitoshe, nilikuwa namlea vibaya. Kila pambano namtanguliza yeye. Huyu ni barafu na mdudu kwa pamoja: moto unamuumiza mara nne, mwamba mara nne. Alikuwa anazimia kila mara, na Pokémon akizimia mapenzi yake kwako yanapungua. Halafu ana mapigo mawili tu, Powder Snow na Struggle Bug, wala kupanda leveli hakumwongezei lingine akiwa bado kiwavi. Nilikuwa namwonea, kwa kweli.

Nikamtoa mstari wa mbele. Kwenye Shield na pacha wake Sword timu nzima inagawana uzoefu, kwa hiyo anapanda hata asipopigana. Nikambebesha Soothe Bell, ile kengele unayopewa bure kwenye nyumba moja mjini Hammerlocke, maana inaharakisha mazoea. Kisha kila siku napiga kambi, tunapika kari, namrushia mpira. Wenzake wanaukimbilia, yeye anajikokota taratibu na ile miiba yake ya barafu mgongoni, anafika mpira ulishachukuliwa zamani. Nikaanza kuurusha karibu naye kabisa. Nadhani hapo ndipo nilipoanza kumpenda kweli.

Siku yangu ya mapumziko, saa tatu usiku, nikampa Rare Candy moja, ile pipi inayompandisha Pokémon leveli moja papo hapo. Muziki ukabadilika, kile kiwavi kikang'aa cheupe, yakatoka mabawa mapana na manyoya shingoni kama skafu. Nilimwita mdogo wangu aje aone.

Sasa kabla hujaanza, fungua ukurasa wake utazame uwezo wake wa asili. Wengi wana Shield Dust, inayozuia madhara ya ziada ya mapigo ya adui, si mbaya. Lakini akiwa na Ice Scales umebahatika sana: mashambulizi yote ya aina ya special, yaani yasiyotegemea nguvu za mwili, yanampata nusu tu. Wa hivyo hupatikana kwenye Max Raid, yale mapambano ya kundi dhidi ya Pokémon aliyekuwa jitu. Akishakuwa Frosmoth mfundishe Quiver Dance, inayoongeza special attack, special defense na kasi kwa mpigo mmoja. Acheze mara moja tu, adui wa special atahangaika naye. Ila usimwingize mahali penye Stealth Rock, mtego wa mawe anaouweka adui uwanjani, bila kumbebesha Heavy-Duty Boots, viatu vinavyomkinga. Mawe yale yanakata nusu ya damu yake akitia mguu tu uwanjani, na hilo nimelishuhudia mara nyingi kuliko ninavyopenda.

Ukimkuta kwenye Scarlet au Violet, gemu za Pokémon zilizofuata, huko kwenye theluji ya mlima Glaseado, masharti ni yale yale, isipokuwa usiku wa humo unakuja wenyewe ndani ya gemu, hungoji saa ya ukutani.

Wako wa leveli 47 mpe kengele leo, piga naye kambi siku chache, usiache azimie. Kisha usiku, pipi moja. Ukirudi hapa tuambie ana uwezo gani, tukupangie mapigo manne.