Hesabu Petali Kabla Hujafika Kwenye Kona

Ukikaribishwa sebuleni kwa watu hapa Arua, Uganda, kabla chai haijaletwa macho yako yameshatua kwenye vitambaa vya makochi. Vingi vimefumwa kwa mkono, kwa kroshia, na mwenye nyumba atakwambia nani alivifuma. Kwa hiyo sishangai binti akija barazani kwangu na picha kwenye simu, mraba wenye ua katikati, akasema anataka kuanza na huo huo. Simkatazi. Namwambia jambo moja tu mapema: ua lenyewe halisumbui. Kinachosumbua ni mzunguko unaogeuza duara kuwa mraba, na mzunguko huo huwa umeshaharibika tangu kwenye ua, pale ulipofuma bila kuhesabu.

Chukua uzi wa sweta wa unene wa kati na sindano ya kroshia ya milimita 4. Rangi zisiwe nzito. Nyeusi na bluu iliyokoza huficha matundu, na wengi wetu tunafuma usiku baada ya kazi za nyumbani, taa yenyewe ndogo. Katikati weka njano, petali nyekundu, nje rangi ya maziwa. Nyeupe kabisa inapendeza, lakini kiangazi chetu cha Desemba hadi Februari kina vumbi jekundu linaloingia hadi kabatini.

Majina ya mishono nayo yamewapoteza wengi. Mshono ambao Wamarekani wanauita dabo kroshia, Waingereza wanauita trebo. Mama aliyefundishwa kwa majina ya Uingereza akifuata video ya Marekani, ua linamtokea dogo na gumu kama kifungo, kisha anadhani mkono wake ndio mbaya. Uliza kwanza video ni ya wapi. Mimi barazani nasema mshono mrefu: zungusha uzi mara moja kwenye sindano, ingiza, vuta uzi, halafu toa vitanzi viwili, na viwili tena.

Sasa fuma cheni 4, kila cheni ni kuvuta uzi mara moja kupita kitanzi kilicho kwenye sindano, kisha ziunganishe ziwe duara. Panda na cheni 3. Hizo zinahesabiwa kuwa mshono mrefu wa kwanza. Ongeza mishono mirefu 11 ndani ya duara, ufunge kwenye kichwa cha zile cheni. Una 12. Badilisha rangi. Katika kila nafasi kati ya mshono na mshono fuma petali moja, yaani mishono mirefu 3 usiyoimalizia: kila mmoja unaacha kitanzi chake cha mwisho kwenye sindano, kisha unavuta uzi mara moja kupita vitanzi vyote. Fuma cheni 1, nenda nafasi inayofuata. Mzunguko wa tatu, mishono mirefu 3 katika kila nafasi kati ya petali. Hapo una mishono 36, na bado ni duara.

Kona zinakuja mzunguko wa nne. Chagua nafasi yoyote kati ya mafungu ya mishono mitatu mitatu, fuma mishono mirefu 3, cheni 2, mishono mirefu 3, yote humo humo. Hiyo ni kona. Nafasi mbili zinazofuata zipe mishono 3 kila moja. Kisha kona tena. Nafasi 12 ukizigawa kwa kona 4, kila kona inapata nafasi yake na mbili za ubavuni, hakibaki kitu. Petali 8 nazo zinakubali, ubavuni inabaki nafasi moja. Petali 10 hazikubali hata uzibembeleze vipi.

“Mama, mbona wangu unachechemea?” Binti mmoja aliniuliza hivyo, akaulaza mraba wake mkekani. Pande tatu zilikuwa sawa, wa nne mfupi. Nikamwambia aguse petali moja moja kwa ncha ya sindano huku akihesabu kwa sauti. Zikafika 11. Akarudia, 11. Nikamwonyesha pale zile cheni 3 za mwanzo zilipolala. Kati ya cheni hizo na mshono wa mwisho kuna nafasi, lakini ukishafunga mzunguko inabanwa, inaonekana kama sehemu ya cheni. Jicho linaipita. Nilipochomeka ncha ya sindano ikafunguka mbele ya macho yake.

“Kwa hiyo nifumue yote?”

“Fumua hadi kwenye njano, mwanangu.”

Alifumua, na kazi ya jioni nzima ikarudi kuwa uzi. Naijua hiyo huzuni. Ndiyo sababu sasa kila anayeanza namfungia kipande cha uzi wa rangi nyingine kwenye nafasi hiyo inayojificha, na hakuna anayekata uzi wa petali kabla hajanihesabia 12.

Ukiulaza mraba nao ukainuka kingo kama bakuli, unakaza mno au umeruka mishono. Jaribu sindano ya milimita 4.5. Ukikunjakunja kingo kama jani la kabichi, umezidisha mishono mahali. Usijidanganye kwamba pasi itaunyoosha.

Kuna njia nyingine ya kuanza: unazungusha uzi kidoleni, unafuma ndani ya kitanzi hicho, halafu unavuta mkia wa uzi hadi tundu la katikati lizibe kabisa. Ua linatoka zuri mno. Mwaka wangu wa kwanza wa kuuza nilifuma vitambaa 12 kwa njia hiyo na mikia nikaikata mifupi, nikiona usafi. Mteja alivifua mara moja. Vitano vilirudi vikiwa na tundu linalopitisha kidole, na alivinunua kwa ajili ya wageni wa posa ya binti yake. Nilivifuma upya bila malipo, na bado nikikumbuka uso wake naona haya. Siku hizi mkia wa katikati siuachi chini ya sentimita 15. Nauchomeka kwa sindano butu kuzunguka duara lote, kisha nageuka nao upande wa pili, maana uzi uliopita njia moja tu hutoka kwa njia hiyo hiyo. Mikia mingine iliyobaki, ile ya kubadilisha rangi, ifumie ndani unapoendelea. Usiilimbikize hadi mwisho.

Kunyoosha ni rahisi. Kama uzi ni pamba, pasi yenye mvuke inafaa. Uzi wa sweta wa akriliki usiuguse kwa pasi ya moto, unayeyuka. Ulowanishe kidogo, ubane kwa pini juu ya kipande cha godoro, kona nne zikiwa sawasawa, uache ukauke kivulini.

Kwa mkono wangu mraba wa mizunguko 6, yaani ile minne na miwili zaidi ya kona juu ya kona, unatoka sentimita 14. Pima wako kabla ya kumwahidi mtu chochote. Miraba 12, minne kwa mitatu, inanipa kitambaa cha sentimita 56 kwa 42, kinachotosha mgongo wa kochi la mtu mmoja. Nafuma maua yote kwanza, petali na katikati, nayaweka kwenye kikapu, halafu ndipo naanza mizunguko ya nje. Uzi wa nje naununua wote siku moja, na kabla ya kulipa naangalia namba ya mkupuo wa rangi (dye lot) kwenye karatasi ya kila bunda kama ni ile ile. Niliwahi kupungukiwa bunda moja la rangi ya maziwa, nikarudi sokoni wiki ya pili. Dukani nililiona lile lile. Nyumbani, juani, likawa na unjano, na safu ya mwisho ya kitambaa ikabaki hivyo.