Jibu: Kwa nini Little Moreton Hall imepinda lakini haianguki?

Ndugu yangu, umeuliza kwa nini ile nyumba ya mbao ya Cheshire, Uingereza, imepinda vile na bado imesimama. Kilichoielemea ni ukumbi mrefu wa juu kabisa. Nyumba ilianza kujengwa mwanzoni mwa miaka ya 1500, ukumbi ukapandishwa baadaye, na paa lake limeezekwa kwa mawe bapa, mazito mno. Mbao za chini zikapinda.

Haianguki kwa sababu mzigo umebebwa na kiunzi cha mwaloni, si kuta. Mafundi waliuchonga ungali mbichi: ulimi wa boriti ukaingia kwenye tundu la nguzo, wakaupigilia kigingi cha mbao, bila msumari. Mwaloni ulipokauka ukazidi kubana, na kiungo cha namna hiyo husogea kidogo bila kukatika. Nafasi zilizobaki zilizibwa kwa fito na udongo, karibu sawa na nyumba zetu za kukandika!

Ukifika huko, tazama madirisha ya uani. Seremala Richard Dale aliacha jina lake pale, mwaka 1559. Mimi kila nikilifikiria hilo nafurahi.